Kiyama na Mkono wa Kushoto

Mwezi wa tatu wa ndoa yangu, mavyaa yangu alimwamkia punda. Tulikuwa tukitoka msibani, mimi nyuma yake katika kichochoro kisichopitisha watu wawili bega kwa bega, na punda akawa anatujia amebebeshwa mawe ya kujengea. Mama, ndivyo nilivyomwita mavyaa, akajibanza ukutani, akamwambia sabalkheri kwa heshima zote, akauliza na hali za nyumbani. Punda hakujibu. Tulipofika kwetu alishikilia kwamba aliyemwamkia ni mwenye punda, na kweli mwenye punda alikuwepo, ila alikuwa bado hajakunja kona. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Baadaye nilijuta, maana kicheko changu ndicho kilichompelekea mume wangu habari.

Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa karani wa forodhani, mtu mpole, mwenye kupenda kila kitu kikae mahali pake, hata viatu. Na mama, tangu afiwe na mumewe, alikuwa akisomesha chuo katika kiwanda cha nyumba yetu, yaani ule ua wa ndani usio na paa. Watoto kumi na mmoja walikaa mkekani, kila mmoja na ubao wake. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Mkomani walisoma Kurani kwake. Tena alijua kuandika, jambo adimu kwa mwanamke wa siku zile, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya marehemu mumewe. Hilo alilisema mwenyewe, na marehemu, nasikia, hakuwahi kulikana.

Sasa herufi za Kiarabu zinaishi kwa nukta. Nukta moja chini ni be, nukta mbili juu ni te, na mwenye kumkosesha mtoto nukta katika maneno ya Mungu amejitwika mzigo mzito. Mume wangu hakuwa na ubaya wowote. Aliogopa mamake asije akaingia kaburini na mzigo huo kwa sababu ya macho. Baada ya kisa cha punda aliniambia, tukiwa peke yetu, kwamba akiona dalili moja nyingine atawaomba wazazi wawahamishe watoto kwa mwalimu wa mtaa wa Langoni. Mama hakuambiwa, lakini alijua. Alianza kututilia uzi kwenye sindano mbele ya macho yetu, hali hana nguo ya kushona.

Ndipo ilipokuja sinema.

Aliileta bwana mmoja kutoka Mombasa, na mtambo wake umefungwa kwa magunia, na jenereta iliyobebwa na mahamali wanne wakiitukana njia nzima. Mpiga mbiu alipita mitaani akatangaza kwamba baada ya swala ya isha, mwisho wa dunia utaonyeshwa uwanjani karibu na ngome, na kila mtu aje na mkeka wake. Nyumba nyingi zilikataa wanawake wasitoke. Mama akatoa rai yake, na rai yake mtaani kwetu ilikuwa na uzito: sinema za mapenzi hazifai, lakini kukumbushwa Kiyama ni jambo la thawabu. Tukatoka wanawake kama ishirini na mabuibui yetu, tunakwenda kuchuma thawabu, na kashata tumefungasha.

Bwana wa sinema alikuwa ametundika bafta nyeupe kati ya milingoti miwili, vipande viwili vilivyoungwa kwa mshono katikati. Mama aliitazama akasema ndiyo hiyo hiyo wanayozikiwa watu, kwa hiyo Kiyama kimepata nguo inayokifaa. Wanaume walikaa upande wa mtambo. Sisi tulipewa upande wa pili wa nguo, penye ukuta wa gofu la nyumba, ili tusionekane. Bafta ilikuwa nyembamba, picha ikapenya, na tuliona vizuri kabisa. Kilichotusumbua ni ile jenereta, waliyoiweka upande wetu kwa kuwa wao hawakutaka kelele. Bwana wa sinema alikuwa akieleza kwa Kiswahili yanayosemwa na Wazungu, lakini kwetu sisi alikuwa mtu anayefungua na kufumba mdomo tu kivulini.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi ulitoka katika njia yake ukaanza kuisogelea dunia. Kila usiku ulizidi kuwa mkubwa, mpaka ukajaa dirisha zima. Bahari ikapanda ikaingia katika mji wa maghorofa, watu wakakimbia na masanduku, na mwanamke mmoja wa viatu virefu na mkoba wake. Kulikuwa na mtaalamu mmoja mwenye miwani, ambaye kabla ya hapo tulimwona nyumbani kwake akila mkate na kupeana mikono na wageni. Huyo alichimba pango ndani ya mlima, akaweka mlango wa chuma, akasimama mlangoni kuchagua nani aingie. Watu walikuja mbele yake mmoja mmoja. Vijana na wenye afya aliwaonyesha upande mmoja, wakaingia. Wazee na wagonjwa aliwaonyesha upande wa pili, wakabaki nje.

Akaja mwanamke mzee, ana mtandio kichwani kama wetu. Mtaalamu akamwangalia machoni, akatikisa kichwa, akamwonyesha upande wa kubaki. Yule bibi hakulia. Alikwenda akakaa juu ya jiwe, akampakata mtoto wa mtu mwingine aliyekuwa akilia. Kashata zilikuwa zikitafunwa tangu mwanzo, na hapo zikanyamaza. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amekaa wima, ameshika goti langu bila kujua kwamba ni langu.

Kisha maji yakafika, mlango ukafungwa, na yakatokea maneno mawili meupe ya kumalizia. Tukaokota mikeka yetu.

Njiani kurudi mama ndiye aliyesema, sisi tukasikiliza. Makosa aliyahesabu kwanza. Siku ile, alisema, kila anyonyeshaye atamsahau anayemnyonyesha, na yule mwanamke wa viatu virefu hakusahau hata mkoba. Pili, wataalamu walionyesha siku kwenye kalenda na saa ukutani, na saa hiyo haijui ila Mola. Tatu, katika mji mzima ule hakuna hata mmoja aliyefikiri kutubu. Walichotafuta wote ni ufunguo wa gari. Lakini pamoja na hayo aliipenda sinema ile, akaipenda sana, na sababu yake ilitushangaza.

"Mumeona yule wa miwani?" alisema. "Alila mkate na mkono wa kushoto. Akasalimu watu na wa kushoto. Na alipofika mlangoni, walioingia aliwapitisha kushotoni kwake. Yule mzee alimpeleka kuume. Sasa watu wa kuume ni kina nani?"

Kuume ndio kulia kwetu, na hilo kila mtoto wa chuo alilijua. Watu wa kulia ndio wa peponi. Kwa hiyo, kwa mama, mtunga sinema alikuwa mtu mwenye elimu aliyeficha maana ndani ya picha. Walioingia pangoni na mlango wao wa chuma ndio walioangamia, wamejichimbia kama panya. Waliookoka ni wale walioachwa nje, na wa kwanza wao ni yule bibi wa juu ya jiwe. Tulikubaliana naye sote, na tulikuwa tumeona kama alivyoona. Nililala nikiwa na furaha, nadhani ndiyo mara ya kwanza nililala na furaha kwa habari ya Kiyama.

Asubuhi mji ulikuwa umegawanyika. Wanawake walipowaeleza waume zao habari ya mkono wa kushoto, waume walicheka. Mtaalamu alikula na mkono wa kulia, wakasema, na walioingia pangoni walipita kuliani kwake, na mzee alipelekwa kushoto, maskini, akafa maji. Kulikuwa na nahodha jirani yetu ambaye yeye hakujali mkono. Ugomvi wake ulikuwa na maji. Mwezi ukisogea namna ile, alisema, bamvua lake, yale maji makuu, litakuwa kubwa lakini litakupwa pia, na sinema nzima maji yalijaa tu wala hayakupwa hata mara moja, basi aliyeitunga hajawahi kukaa pwani. Wengine wote walibishana mkono, barazani, kisimani na sokoni. Nasikia kuna nyumba mbili chai ilimwagwa. Kumuuliza bwana wa sinema haikuwezekana, alikwisha kufunga magunia yake alfajiri akaenda Faza.

Mume wangu alirudi kutoka forodhani siku ile na uso mzito. Walikuwa wamemtania kutwa. Wenzake walisema wanawake wote ishirini hawakuona kitu chochote, walifuata tu alilolisema mwalimu wao, kama maamuma wanavyofuata imamu. Na mwalimu wao ni yule anayewaamkia punda. Alinywa maji, akanikalisha chini.

"Usinambie la mama," alisema. "Nambie la mato yako. Yule mtu alila na mkono upi?"

Niliuona mkono ule kwa macho yangu. Niliuona wa kushoto, wazi, na pete kidoleni. Lakini nilikuwa mgeni katika nyumba ile, nina miezi mitatu, na nilimpenda mume wangu, na mume wangu alikuwa ameona wa kulia pamoja na wanaume wote wa mji. Nikaona, mimi ni nani hata niwapinge wote? Nikamwambia sikuangalia sana, mama ndiye aliyesema kushoto.

Akashusha pumzi. Alisema basi, imekwisha. Mimi nikaenda jikoni nikakuna nazi mbili hali ilihitajika moja.

Alimwambia mamake jioni ile ile, kwa upole, amemshika mkono. Hakumtajia punda. Alimtajia nukta, na watoto wa watu, na dhima. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu, kwamba mato yake ni mazima. Kisha akaomba aachiwe mpaka Alhamisi, kwa kuwa kuna mtoto alibakisha kurasa chache amalize juzuu. Mume wangu akakubali, akaenda Langoni kuzungumza na yule mwalimu mwingine, na kwa wazazi nyumba kwa nyumba. Nilimsikia mama usiku akisoma kwa sauti ndogo chumbani mwake. Nilitamani kuinuka nikamwambie. Nikajifunika shuka.

Jumatano, watoto walipokwenda kula, walikuja wanawake watatu wa mtaani kumtazama, maana habari zilishaenea. Mtu mwingine angejiinamia. Mama akaanza kuwaeleza sinema upya, na katika maelezo akakumbuka jambo lililomfurahisha: yale maneno mawili ya mwisho. Wazungu nao siku hizi wanaandika kuanzia kulia kwenda kushoto kama sisi, alisema, na hiyo ni dalili kwamba wanarejea. Wakamuuliza amejuaje. Akasema herufi zao zilielekea kushoto. Akachukua kalamu yake ya mwanzi na karatasi ya forodhani iliyoandikwa upande mmoja kwa penseli ikafutwa, akachovya wino, akaandika herufi zile sita kama alivyoziona, moja moja, bila kusita. Hakujua hata moja ilisema nini. Alizichora kama mtu anavyochora nakshi aliyoiona kwenye mlango wa jirani.

Wageni walipoondoka, mume wangu akaingia kwa chakula cha mchana, akaiona karatasi ile mkekani. Yeye alisoma Kiingereza, ndiyo kazi yake. Aliitazama, akaniita kando, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kwelikweli. Alinionyesha kwa kidole. Herufi hii meno yake matatu hutazama kulia, mama ameyatazamisha kushoto. Hii yenye tumbo, tumbo hukaa mbele, mama amelitia mgongoni. Hata hii ya mlazo, mlazo umepinduka. Hivi ndivyo anavyoona, akaniambia. Je, nukta za Kurani anazionaje? Akaenda kunawa mikono.

Nilibaki na karatasi. Wino ulikuwa bado mbichi mahali pamoja, nikaipeleka dirishani ikauke, nikaishika juu kwa ncha za vidole, nimeipa mgongo, maana sikutaka kuyaona maandishi yale. Jua la adhuhuri likapita ndani yake. Herufi zikanitokea kwa upande wa nyuma, na ile yenye tumbo ilikuwa na tumbo mbele. Meno matatu yalitazama pale pale kidole cha mume wangu kilipoyataka.

Sikujua kusoma herufi zile. Lakini nilijua kufuma kofia, na kila mfumaji anajua kwamba ua lililoegemea kulia kwa uso wa kofia, ukipindua ndani utalikuta limeegemea kushoto. Nikaiona ile bafta, na mtambo upande mmoja, na sisi upande wa pili na jenereta yetu. Nikafikiri: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Kisha nikamwita mume wangu, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Alikuja mikono inachuruzika maji. Nikamwambia asome, si kwa huku, kwa nyuma. Akasoma: The End, yaani Mwisho. Akaigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. Herufi sita, hata moja haikupotea, hata mlazo mmoja haukupinda, na aliyeziandika alikuwa hajawahi kuzisoma maishani mwake na aliziona mara moja tu, gizani, kwa muda wa kuokota mkeka.

"Mulikaa nyuma ya nguo," alisema.

"Mulituweka nyie," nikamjibu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumjibu.

Na hapo hapo, kwa kuwa nilikwisha kuanza na niliogopa nikisita nitashindwa, nikamwambia kwamba ule mkono niliuona kwa macho yangu mwenyewe, ulikuwa wa kushoto na una pete, na juzi niliposema sikuangalia sana nilimdanganya. Hakunikasirikia. Alikaa juu ya kizingiti na karatasi mapajani, akaanza kucheka, na katika kucheka akafuta macho kwa kilemba.

Alitoka kwenda kiwandani moja kwa moja. Watoto walikuwa wamerudi, wote kumi na mmoja, na mama alikuwa akimsikiliza yule wa juzuu. Mume wangu akakaa mkekani pamoja nao, mtu mzima na kanzu yake ya kazini, akangoja zamu yake. Ilipofika akambusu mamake mkono, akamwonyesha karatasi juani, akamweleza habari ya uso wa nguo na nyuma ya nguo. Akamwomba radhi mbele ya watoto, kwa kuwa, alisema, alimvunjia heshima mbele ya wazee wao.

Mama aliitazama karatasi pande zote mbili. Nilidhani atahuzunika kwa kuwa maana yake ya sinema imeanguka: kwa kweli yule bibi alipelekwa kushoto, na wa pangoni ndio wa kulia. Wapi. Alifikiri kidogo akasema sinema ile ina pande mbili, na upande wao wanaume ni habari ya mlima na maji tu, mtu hapati kitu. Ya wanawake ndiyo sinema. Akaongeza kwamba mwakani bwana yule akija, wanaume wenye kutaka faida waombe ruhusa wakae nyuma, lakini waje na kashata zao. Mpaka leo, nikiulizwa, hiyo ndiyo rai yangu pia, na nimeona sinema nyingi za mwisho wa dunia tangu hapo, zote za upande wa mbele, na hakuna hata moja iliyonipa kitu cha kulala nacho.

Mume wangu akavaa viatu kwenda Langoni na nyumba kwa nyumba, kuyarudisha maneno yake. Nilipogeuka kwenda jikoni mama akaniita. Akanikalisha mbele yake, mahali wanapokaa watoto.

"Nawe ulikaa kando yangu siku ile. Uliona mkono upi?"

"Wa kushoto, mama."

"Na mume wako alipokuuza mwanzo, ulimjibu nini?" Kuuza kwetu ndiko kuuliza.

Nikamwambia. Sikuacha hata neno. Hakukunja uso, na mimi ningependa aukunje. Kisha akanishika kidevu kama anavyowashika watoto wanaokosea herufi.

"Siku yenyewe ikiya kweli, mwanangu, utauzwa wewe ulichokiona. Mumeo hatakuwako kukujibia, wala mimi."

Nikalia pale pale mkekani, kwa haya na kwa faraja vikichanganyika, nisijue kimoja kinaishia wapi. Watoto wote kumi na mmoja waliweka mbao zao chini wakanitazama kwa furaha kubwa, maana hawajawahi kumwona mtu mzima akilia chuoni bila ya kupigwa.